Mlango wa Tumati Ambao Sikuingia

Jumamosi, mwezi wa saba. Katesh.

Leo upepo wa mlimani umeanza kubamiza mabati tangu alfajiri na hadi sasa haujachoka. Nimerudi nyumbani jioni hii nikiwa nimeganda vidole. Emanueli, mume wangu, yuko mazoezi ya kwaya. Nimepika uji, nimeuacha upoe jikoni, nimekaa kuandika kwanza kabla sijapoteza ujasiri.

Nimekuwa kimya kwenye blogu hii tangu mwezi wa tatu. Wachache mnaosoma mliniuliza kulikoni, nikawajibu shule ina mambo mengi. Shule ina mambo mengi kweli, ila si hayo yaliyoninyamazisha.

Niseme tu. Mwezi wa nne mimba yangu iliharibika.

Ilikuwa imevuka miezi minne. Kazini nilisema naumwa, wakanipa pole ya mtu anayeumwa. Baridi ya huku ilikuwa imenisaidia, maana sweta kubwa halitoi siri, na kwetu mimba changa haitangazwi. Hata mama yangu hakuwa anajua. Yuko Daudi, mbele ya Mbulu mjini, na kila Jumapili akitoka ibadani ananipigia kuuliza, utakuja lini? Namjibu tuna mitihani. Kwa jinsi ninavyomjibu, shule yetu ingekuwa inatoa mitihani mingi kuliko nchi nzima.

Sababu ya kutokwenda Daudi ni metimani.

Kwa msiotoka kwetu nieleze. Mimi ni Mwiraqw. Kwetu, nyumba iliyofiwa na mtoto, hata ambaye hajazaliwa, inajitenga. Mama wa nyumba ile haingii kwa watu na watu hawaingii kwake. Anakuwa na njia yake ya kwenda majini, na ng'ombe wake wanachungwa peke yao. Msiba wa namna hiyo unaaminika kuwa unahama. Ukivuka nao mlango wa mtu, unamwachia: ng'ombe wake watatupa ndama, au binti yake atapoteza mtoto kama ulivyopoteza wewe. Unakaa hivyo mpaka wazee waseme muda umetosha na nyumba isafishwe. Makanisa yamepiga vita jambo hili miaka mingi, na watu wengi wanasema wameliacha.

Emanueli naye ni Mwiraqw, wa Dongobesh, lakini aliokoka akiwa mwanafunzi na mambo haya hataki hata yatajwe mezani. Siku tuliyotoka hospitali alinishika mkono akaniambia, "Tumeombewa, imekwisha. Usimwambie mtu, Rozi, watatufungia nyumba." Hakusema kwa ubaya.

Na mimi ni mwalimu wa Biolojia. Naweza kusimama ubaoni nikaorodhesha sababu zinazofanya mimba iharibike, na hakuna hata moja inayoweza kubebwa kwenye soli ya kiatu ikavushwa mlangoni. Najua. Lakini tangu mwezi wa nne sijakanyaga ndani ya nyumba ya Mwiraqw yeyote hapa Katesh. Nikialikwa, ghafla nina nguo za kufua.

Sasa ziara.

Mkuu wetu wa shule ni mtu wa Iringa, ana mwaka mmoja hapa, na ameingiwa na wazo kwamba mwalimu hawezi kufundisha watoto wa mahali asipopajua. Akapanga ziara ya siku moja kwa walimu wote, na mwongozaji wa kutuzungusha kwenye mambo ya utamaduni. Asubuhi wahunzi wa Kidatoga huko Getanuwas. Kisha kupanda Mbulu, Tumati, kuona nyumba ya kale iliyochimbwa ardhini na kula chakula cha mchana kwa wenyeji.

Nilijiambia nitaangalia nikiwa nje. Nje hakuna kosa. Mtalii si lazima aingie kila mahali.

Kosta ilitoka Katesh vumbi likitufuata. Pembeni yangu alikaa Halima, mwalimu wa Kiswahili, wa wale wenye duka la vitenge pale sokoni. Halima ni rafiki yangu na ninampenda, lakini mdomo wake haujui kupumzika. Mbele alikaa mwongozaji, Bura, baba mmoja Mwiraqw mwenye kofia ya mviringo na sauti ya redio. Alitueleza mlima Hanang, ziwa Basotu, nani alihama kutoka wapi. Alijua kazi yake, siwezi kumnyima hilo.

Getanuwas tulikaa kwenye kibanda cha mhunzi. Kijana wake alikuwa akikandamiza mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na baba mtu anayeyusha kufuli za zamani kutengeneza bangili. Nilifurahi. Nilijisahau kabisa, nikapiga picha, nikauliza maswali ya joto la moto na aina za madini. Kisha wake wa mhunzi, wenye chale za duara kuzunguka macho, wakaja kuwachukua walimu wa kike ili tuingie ndani tukaone sketi zao za ngozi na vibuyu vya maziwa.

Wadatoga nao wana mwiko huohuo. Jina lao la kuuita linakaribiana na letu.

Nikasema, "Nyie tangulieni. Mimi nasikia kichefuchefu."

Katika magonjwa yote duniani, nikachagua kichefuchefu. Halima alisimama, akanitazama usoni, akashuka na macho mpaka tumboni, akaachia tabasamu ambalo lingeweza kuwasha taa za Katesh nzima. "Ahaa," akaninong'oneza. "Tangu lini? Na mimi umenificha!"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Lakini niliinama kufunga kamba ya kiatu, naye akalichukua hilo kuwa ndiyo.

Hatukumaliza hata kona ya kwanza kabla Kosta nzima haijajua. Mwalimu wa Hesabu akaanza kupiga makofi. Wengine wakaimba kile kipande cha kumpongeza mama mjamzito. Mkuu akageuka kwenye kiti chake, mzee wa watu uso wote unang'aa, akauliza kwetu ni wapi. Halima akanijibia: Daudi.

"Daudi si hapo mbele ya Mbulu?" Mkuu akasema. "Basi tukitoka Tumati tunapanda mpaka Daudi, tukamsalimie bibi mtarajiwa. Hatuwezi kufika karibu na kwa mama wa mwalimu wetu tukapita kimya."

Dereva akanung'unika kuhusu muda. Mkuu akamwambia leo ni siku ya kujifunza utamaduni, na utamaduni ni pamoja na kusalimia wazazi.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka pamoja nao. Nilimwona mama akifungua mlango, anakuta walimu wote wa shule wanampongeza kwa mjukuu. Nilijiona nikiwa nyuma yao uani. Angenivuta ndani kwa mikono miwili. Mama ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa na dada yangu mdogo ameolewa mwaka huu, yuko hapo jirani naye. Nilijaribu kupanga uongo wa kutosha kuzuia Kosta nzima na sikuupata.

Njia nzima ya kwenda Tumati sikuona kitu. Waliosema mandhari ni nzuri nawaamini.

Tuliacha gari barabarani tukaanza kutembea kati ya mashamba yaliyovunwa. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni na kila mtu anapuliza viganja. Tulipofika njia panda Bura akatuongoza kulia, kupanda kilima, wakati nyumba tunayokwenda ilikuwa inaonekana wazi kule kushoto.

"Mbona tunazunguka?" Halima akauliza.

Bura akaonyesha kwa kidevu nyumba ndogo ya bati chini ya njia ile ya kushoto. "Pale hatupiti. Wale wako metimani." Akasimama juu ya jiwe, akatoa ile sauti yake ya redio, akaeleza yote: mtoto, mlango, njia ya maji, ng'ombe. Alieleza vizuri na kwa usahihi, kama mtu anayeeleza habari za mababu. "Lakini hayo ni ya zamani," akamalizia. "Siku hizi tumeshaacha. Ni historia tu."

"Kama mmeacha, mbona tunapanda mlima?" Mkuu akauliza, na watu wakacheka.

"Ni heshima tu, Mkuu," Bura akajibu, na hakucheka.

Mbele ya nyumba ile alikuwa amekaa mwanamke anapepeta mahindi. Alikuwa wa umri wangu au karibu. Alisimamisha ungo, akatutazama tunavyopita kule juu kilimani kwa mstari. Mkuu akampungia mkono. Hakujibu, maana hakutakiwa kujibu. Mwalimu wa Hesabu akatoa simu ili ampige picha.

"Weka hiyo simu!" nilimwambia. Ilitoka kali mno, watu wote wakageuka. Halima akawaeleza kwamba ni hali, wajawazito huwa hivyo.

Nilimwangalia yule mwanamke mpaka shingo ikaniuma. Nilimwonea huruma, halafu, na hili naliandika kwa aibu, nilimwonea wivu. Yeye kila mtu alijua. Mlima mzima ulikuwa unazungukwa kwa ajili yake.

Mwenyeji wetu anaitwa Mama Lohay. Nilitegemea bibi mpole. Nikakuta mama wa makamo mwenye mwili wake, koti la mvua juu ya kitenge, simu kubwa shingoni kwa kamba, anaamrisha watu. "Shikamooni mlionizidi umri, wengine marahaba!" akatupokea, na watu wakacheka tena. Familia yake inaishi kwenye nyumba ya bati. Ile ya kale imechimbwa kwenye mwinuko nyuma ya ua, paa lake la udongo limeota majani hata mbuzi anaweza kupanda bila kujua kuna watu chini. Wameitunza kwa ajili ya wageni, lakini si ya maonyesho tu. Ng'ombe wanalala humo, na mlangoni kabisa alikuwa amefungwa ndama ambaye bado miguu inamyumba.

Watu wakaanza kuinama kuingia, mmoja mmoja. Mimi nikabaki nyuma, kwenye ukingo wa ua, karibu na rundo la mabua.

Hapo akatoka mkwe wa Mama Lohay, binti aliyeitwa Anjela, amebeba kibuyu cha maziwa. Tumbo lake lilikuwa limefika mwisho. Sijui kama alikuwa amebakiza wiki. Akaniona nimesimama peke yangu, akaweka kibuyu chini, akaja kwangu amenyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo dada, karibu, mbona uko kwenye baridi?"

Nilirudi nyuma.

Sikurudi hatua ya adabu. Niliruka kama niliyeona nyoka, nikajikwaa kwenye mabua, nikakaribia kuanguka. Binti wa watu akabaki na mikono hewani, uso umemshuka. Mtu anakusalimia kwao, unamkimbia!

Mama Lohay alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Aliacha wageni na Bura ndani, akaja, hakunikaribia sana. Akaacha Kiswahili, akanisemesha Kiiraqw, taratibu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Daudi."

"Una nini?"

Nilimtazama Anjela. Nikaona nikidanganya hapa, uongo huu si wa mitihani tena. Nikasema, kwa lugha ya mama yangu, maneno ambayo sikuwahi kuyasema kwa lugha yoyote. Nikasema, "Mtoto wangu alikufa mwezi wa nne. Tumboni. Kwetu hakuna anayejua."

Alikasirika. Msidhani alinikumbatia. "Anjela, ingia ndani," alisema bila kugeuka. "Nyumba ya bati. Sasa hivi." Kisha akanigeuzia macho. "Na ukapanda gari ukaja mpaka uani kwangu? Mtoto wa Kiiraqw? Hawa wengine hawajui, lakini wewe? Umemwona huyu alivyo, halafu unasimama hapa!"

"Sikuingia, mama. Sikuvuka popote."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Getanuwas. Na kule nilibaki nje."

"Tangu mwezi wa nne?"

"Sijaingia kwa mtu."

Sikujua kama ananifukuza. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya jinsi ya kurudi barabarani peke yangu nikamsubiri dereva. Akaenda kwa yule ndama, akamfungua, akamvuta hadi upande wa pili wa nyumba. Akachukua fimbo, akachora mstari kwenye udongo mbele ya yale mabua. "Usivuke hapa," akasema. Akaingia ndani.

Nilikaa chini kwenye mabua, upande wangu. Nilisikia wenzangu ndani wakishangilia maelezo ya Bura, jinsi watu walivyojificha na ng'ombe wao enzi za vita. Nilikuwa na hofu na hasira, sijui hasira kwa nani. Niliwaza, msomi mzima na shahada yake, amewekewa mpaka wa fimbo kama mbuzi. Niliwaza, nyanyuka uvuke, uone kama mbingu zitaanguka. Sikunyanyuka.

Mama Lohay akarudi na kigoda, mabakuli mawili ya makande na kikombe cha maziwa. Akaweka bakuli moja na kikombe kwenye mstari, akarudi nyuma, akasubiri nichukue. Kisha akakalia kigoda upande wake, na yeye ana bakuli lake. "Hilo bakuli utaondoka nalo," akasema. "Kikombe pia. Kula, chakula kinapoa."

Tukala. Yeye kwake, mimi kwangu. Makande yalikuwa ya moto na yamewekwa siagi ya kienyeji. Wageni wengine walikuwa wanakula ndani, yeye ameacha wageni wote aliowapikia, amekuja kukaa kwenye baridi na mimi.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" akauliza.

Kijiko kilibaki njiani. Hospitali waliniandikia dawa. Mchungaji aliniombea nipate mwingine. Emanueli alisema imekwisha. Hakuna mtu, tangu mwezi wa nne, aliyewahi kuniuliza ni nani aliyekufa.

"Sikuuliza," nikamwambia. "Waliondoka naye na sikuuliza."

Akatikisa kichwa. Hakunilaumu. Aliweka bakuli lake chini, akaweka viganja magotini, akasema kama wanavyosema watu wazima wakifika kwenye nyumba ya matanga, "Pole kwa msiba, mama."

Nililia. Nililia kwa sauti, mdomo una makande, pua inatiririka, mwalimu wa Biolojia wa kidato cha nne. Hakuvuka mstari kuja kunishika. Alikaa palepale mpaka nilipomaliza, na sijawahi kushikwa namna ile.

Wenzangu wakatoka. Wakatukuta hivyo, mimi macho mekundu kwenye mabua, mwenyeji kwenye kigoda. Mkuu, ambaye alikuwa ameshiba na ana furaha, akapiga makofi. "Jamani tujikusanye, Daudi inatusubiri! Madam Rozi, mpigie mama mwambie tunakuja."

Mama Lohay alinitazama. Hakunisaidia. Nadhani aliona si kazi yake.

Nikasimama. "Daudi hatuendi, Mkuu. Sina mimba. Nilikuwa nayo, ikaharibika. Nina msiba, na siwezi kuingia kwa mama yangu."

Mkuu alivua kofia. Halima akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka hapohapo, akaanza kuja kwangu mbio. Mama Lohay akamzuia kwa fimbo. "Wewe si wa kabila letu?"

"Hapana mama, sisi tumetokea Kondoa."

"Basi nenda, kwenu mwiko huu haupo."

Akaja, akanikumbatia, akasema samahani mara nyingi mpaka mimi ndiye nikaanza kumbembeleza. Hakuna aliyetania tena. Tulirudi kwa njia ileile ya juu. Yule mwanamke wa ungo alikuwa ameshaingia ndani, mlango wake umefungwa.

Kwenye gari Halima alinishika mkono mpaka Katesh bila kusema neno, na kwake hilo ni jambo kubwa. Bura hakutumia tena ile sauti ya redio. Tuliposhuka aliwapa walimu wote mkono, mmoja mmoja, kama mwongozaji anavyotakiwa. Zamu yangu ilipofika alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akaweka kiganja kifuani. Mtu aliyesema wameshaacha! Sikukasirika. Nilimrudishia vilevile.

Nimefika nyumbani, nimekaa na simu mkononi. Emanueli bado yuko kwaya. Najua nitamwambia akirudi, na najua hatafurahi. Ataniuliza kwa nini nimerudi kwenye mambo ya giza. Nitamjibu kwamba mimi sijui mambo haya ni ya giza au ya mwanga, najua kwamba mtoto wetu amepata pole yake ya kwanza leo, kwa mtu asiyetujua. Na yeye Emanueli hakuwahi kupewa ya kwake. Labda nianze kwa kumpa mimi.

Lakini kwanza nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo siyo Jumapili. Kuna nini?"

Nikamwambia yote bila kupumzika, nikiogopa nikipumzika nitakata simu. Mimba, mwezi wa nne, hospitali, mitihani ambayo haikuwepo. Nikamwambia nilikuwa naogopa kumletea balaa, na pia nilikuwa naogopa kwamba nikisema ukweli atanifungia mlango.

Nilisikia kuku wake, na mtu akikata kuni.

"Usije," mama akasema.

Nilifumba macho. Nililitegemea neno hilo miezi yote hii, na lilipokuja liliuma kuliko nilivyolipangia.

"Umenisikia? Usije huku, mdogo wako yuko hapa na bado hajazaa. Kaa kwako." Akavuta pumzi. "Nitakuja mimi. Jumatatu nitapanda gari la asubuhi. Sitaingia ndani, usinikaribishe. Wewe utakaa mlangoni, mimi nitakaa nje, tutamlilia huyo mtoto. Haiwezekani aondoke hivihivi."

Nikataka kusema asante, akawa ameshakata ili asinimalizie salio.

Nyumba yetu ya kupanga haina ua. Mlango unafungukia barabarani moja kwa moja, pikipiki zinapita zinagusa ukuta, na mbele kuna mtaro wa maji ya mvua. Nimetoka na tochi ya simu nikapima kwa macho, nikarudi, nikatoka tena. Jirani ameniuliza natafuta nini.

Natafuta pa kuweka kiti. Mama ana magoti mabaya, hawezi kusimama muda mrefu, na Jumatatu ni siku ya mnada, barabara yote itajaa watu na ng'ombe. Nitamkalisha wapi?